Kulipa Ukiwa Guangzhou: Mwongozo Kamili kwa Anayefuata Mzigo China

Usiku wangu wa kwanza Guangzhou nilikuwa na dola elfu tatu kiunoni na nikashindwa kununua bakuli la tambi la yuan 18. Kibanda kilikuwa kichochoroni Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia. Mama wa pale alinionyesha karatasi mbili zilizobandikwa kwenye kioo, moja ya bluu na moja ya kijani, kila moja na msimbo wake wa QR. Nikamtolea kadi ya Visa, akacheka na kupunga mkono. Nikamtolea noti ya dola ishirini, akaigeuza mbele na nyuma kama anayetazama picha ya harusi ya mtu asiyemjua, akanirudishia. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Kariakoo aliyekuwa amekaa meza ya nyuma. Alinyanyua simu yake, ikalia mara moja, basi. "Dada," akaniambia, "hapa pesa ni simu. Hizo dola zako ni za kesho asubuhi, benki."

Nimerudi mara kadhaa tangu siku ile. Kila ninaporudi nyumbani naulizwa swali lilelile: njia ipi ya kulipa ina makato madogo? Ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mambo yakiharibika, pesa yangu inarudi kwa njia gani, na nani ana wajibu wa kuirudisha? Tambi za yuan 18 zikiliwa zimeliwa. Malipo ya awali ya dola elfu nne yakienda kwenye akaunti isiyo sahihi, hapo ndipo utajua tofauti ya njia moja na nyingine.

Hatua ya 1: Andika utamlipa nani

Kabla hujafikiria kadi wala programu, chukua karatasi. Mimi hugawa pesa ya safari katika mafungu matatu, kwa kuangalia anayelipwa.

Fungu la kwanza ni la tumbo na miguu: chakula, metro, teksi, laini ya simu, maji. Ni malipo madogo mengi kila siku, na karibu yote huenda kwa simu.

Fungu la pili ni la sampuli na rejareja. Umeingia soko la nguo la Baima karibu na stesheni ya reli, au masoko ya mikoba ya Baiyun, umeona mkoba mmoja unataka kwenda nao hotelini ukaukague zipu na mishono. Hapa unalipa mamia ya yuan, pengine elfu mbili tatu. Simu au noti.

Fungu la tatu ni mzigo wenyewe. Hili lisibebwe kiunoni. Linapita benki, na hatua ya 6 nzima ni yake, kwa hiyo kama una haraka ruka mpaka huko.

Ukishagawa utashangaa jinsi pesa unayohitaji kutembea nayo ilivyo ndogo. Watu hubeba dola elfu kumi kwa woga tu, kisha wanalala na mkoba chini ya mto siku kumi mfululizo. Isitoshe, sheria za forodha za China zinataka anayeingia na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 azitangaze. Kwa upande wa nyumbani, Tanzania na Kenya kiwango cha kutangaza ni dola 10,000. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka Dar es Salaam akiwa sawa kabisa kisheria, akatua Guangzhou akiwa na kosa. Ukizidisha, jaza fomu na utunze nakala, kwa sababu ndiyo itakayokuruhusu kutoka na kilichobaki.

Hatua ya 2: Kazi ya nyumbani, wiki moja kabla

Hapa ndipo wengi huharibu. Safari yangu ya pili kadi yangu ilifungiwa siku ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeitaarifu benki kwamba nasafiri. Mfumo wao uliona malipo ya China ukadhani ni wizi. Ilinichukua siku mbili za kupiga simu usiku, kwa kuwa Guangzhou iko saa tano mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. Wao wakifungua ofisi asubuhi, wewe uko sokoni kwenye kelele.

Nenda benki mwenyewe na uulize mambo manne: je, kadi hii imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi? Kikomo chake kwa siku ni kiasi gani? Mnakata asilimia ngapi nikinunua kwa fedha ya kigeni? Na ikifungiwa nikiwa huko, nipige namba gani? Majibu yaandike. Mhudumu akikujibu "itafanya kazi tu, usijali", muulize tena.

Kama una biashara ya kusafiri, fungua akaunti ya dola na uchukue kadi yake. Kadi ya akaunti ya shilingi inapolipa yuan, mara nyingi pesa hubadilishwa mara mbili, yuan kuwa dola, dola kuwa shilingi, na kila daraja lina mtu anayechukua chake. Kadi ya dola inaondoa daraja moja.

Beba kadi mbili za benki tofauti na zikae sehemu tofauti, moja kwenye pochi na nyingine kwenye begi hotelini. Baadhi ya benki zetu za Tanzania na Kenya hutoa kadi za UnionPay, mtandao wa kadi wa Wachina wenyewe. Ukiweza kuipata, ichukue. Kwenye mashine nyingi za madukani inapokelewa mahali ambapo Visa inakataliwa. Wakenya wana pia kadi pepe ya Visa ya M-PESA GlobalPay iliyozinduliwa 2022, inayokula moja kwa moja kwenye salio la M-PESA. Kadi pepe kama hizo nazihesabu kuwa za akiba. Jaribu kuiunganisha ukiwa nyumbani. Ikikataa, umejua mapema.

Sasa jambo ambalo silisikii likisemwa vya kutosha: laini yako ya nyumbani. Benki ikitaka kuhakikisha ni wewe, inatuma namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe mfupi kwenye laini ileile uliyosajili. Ukiifunga laini hiyo ukaweka ya China, namba ile haitakufikia na kadi inageuka kipande cha plastiki. Washa roming kabla ya kuondoka, weka salio, na kama simu yako ina nafasi moja tu ya laini, beba kitochi cha kuwekea laini ya nyumbani. Kupokea ujumbe hakuhitaji simu ya bei.

Mwisho wa kazi ya nyumbani: pakua kila programu unayohitaji ukiwa bado nyumbani. Kwa intaneti ya kawaida ya China, Google Play haifunguki, WhatsApp haifunguki, Gmail haifunguki. Laini ya nyumbani iliyo kwenye roming kwa kawaida huzifungua, lakini bando lake ni ghali na si la kupakulia programu.

Hatua ya 3: Alipay na WeChat

Karatasi ya bluu pale kwa mama wa tambi ni Alipay, ya kijani ni WeChat. Zamani mgeni asiye na akaunti ya benki ya China alikuwa nje ya mchezo. Julai 2023 zote mbili zilifungua mlango kwa kadi za nje, Visa na Mastercard zikiwemo, na mapema 2024 kikomo kikapandishwa hadi dola 5,000 kwa malipo moja na dola 50,000 kwa mwaka. Kwa fungu la kwanza na la pili hilo linatosha na kubaki.

Anza na Alipay, maana ina sura ya Kiingereza iliyonyooka na inakubali namba za +255 na +254. Sajili namba yako, piga picha pasipoti, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kisha unganisha kadi zako zote mbili. WeChat ifungue pia, kwani wauzaji wote huko wanazungumza kwa WeChat na utaihitaji hata kama hutalipia chochote. Akaunti mpya ya WeChat wakati mwingine hudai mtu mwenye akaunti ya muda mrefu akuthibitishe kwa kuskani. Mtafute mtu huyo ukiwa nyumbani.

Makato yako hivi: malipo ya yuan 200 au chini ya hapo hayakatwi ada na programu. Yakizidi 200, asilimia 3 ya kiasi chote. Ukinunua sampuli ya yuan 380, ada ni yuan 11 na senti. Ukimwomba muuzaji akugawie malipo mawili ya 190, ada inatoweka. Wengi hukubali bila neno. Lakini usimletee mtu mchezo huo kwa bili ya yuan 1,500. Malipo manane mfululizo na foleni nyuma yako, utafukuzwa, na yuan 45 hazifai aibu hiyo. Kumbuka pia kwamba benki yako ya nyumbani ina makato yake juu ya hayo, yale uliyoyauliza kwenye hatua ya 2.

Kulipa kwenyewe kuna namna mbili. Dukani kwenye kaunta, unafungua msimbo wako na mhudumu anauskani. Msimbo huo hubadilika kila baada ya muda mfupi na ni sawa na pochi iliyofunguliwa, kwa hiyo usimpigie mtu picha yake ukamtumia, hata akisema ni meneja. Kibandani ni kinyume chake, wewe ndiye unayeskani karatasi yao na kuandika kiasi mwenyewe. Hapo tulia. Angalia jina linalotokea, andika kiasi, mwonyeshe muuzaji kabla hujabonyeza. Mimi niliwahi kulipa 380 badala ya 38 kwa soksi za wanangu. Vibanda vingi vina kispika kidogo kinachotangaza kwa Kichina kiasi kilichoingia, na uso wa yule muuzaji ndio ulionijulisha kwamba nimekosea. Alinirudishia kwa noti, Mungu ambariki.

Na kuna karatasi zitakazogoma. Baadhi ya wachuuzi hutumia msimbo wa mtu binafsi badala ya wa biashara, na pesa inayotoka kwenye kadi ya nje kwa kawaida hailipi watu binafsi. Inalipa biashara tu. Utaskani, utaandika, na simu itakuambia haiwezekani. Kadi yako haina kosa na mchuuzi si tapeli. Toa noti. Kwa sababu hiyohiyo usitegemee kumtumia mwenzako mliyesafiri naye pesa kwa WeChat ukitumia kadi ya nyumbani.

Metro na teksi nazo ziko humohumo ndani ya Alipay. Metro ya Guangzhou huanzia yuan 2.

Hatua ya 4: Noti

Watu watakuambia China hakuna anayetumia noti. Si kweli. Benki kuu ya China imesema wazi kwamba kukataa yuan taslimu ni kosa, na vibanda vingi bado vina droo ya chenji, japo utakuta mama anachakura mpaka chini kutafuta noti ya tano. Mimi hutembea na yuan 500 hadi 800, nyingi zikiwa noti ndogo za 10 na 20. Simu ikizima saa nne usiku, hizo ndizo zitakazokurudisha hotelini.

Kuhusu kubadilisha, tufanye hesabu moja. Tuseme benki inatoa yuan 7.10 kwa dola, na dirisha la uwanja wa ndege linatoa 6.80 na kukata ada ya yuan 50. Dola 500 benki ni yuan 3,550. Uwanjani ni 3,400, toa 50, unabaki na 3,350. Tofauti ni yuan 200, bakuli kumi na moja za tambi. Kwa hiyo uwanjani badilisha dola 50 za teksi, zilizobaki zisubiri benki. Benki utahitaji pasipoti, fomu na subira, foleni yaweza kuwa saa nzima. Nenda asubuhi. Dola ziwe noti za mia, mpya, zisizo na wino wala mkunjo mkali. Na risiti ya kubadilisha usiitupe, utaombwa ukitaka kurudisha yuan zilizobaki kuwa dola.

Wale vijana wanaonong'ona "change, change" pembeni mwa barabara, waache. Kubadilisha fedha mtaani ni kinyume cha sheria huko, na hata tukiiweka sheria kando, kuna noti bandia. Noti ya mia ya toleo la 2015 ina tarakimu 100 katikati inayogeuka kutoka dhahabu kwenda kijani ukiinamisha. Papasa pia kola ya koti la Mao, utasikia mikwaruzo kidoleni.

Kuna mchezo wa teksi unaowapata wageni kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, yale yanayofanyika Pazhou, humohumo Guangzhou, kuanzia Aprili 15 na tena Oktoba 15. Unampa dereva mia yako nzuri. Anaipokea, anaipapasa, anasema mbovu, anakurudishia. Unampa nyingine, hivyohivyo. Ukifika hotelini una mia mbili bandia, na zako halisi ziko kwenye kiti chake. Dawa yake ni ndogo: kabla hujaikabidhi noti, soma kwa sauti tarakimu tatu za mwisho za namba yake huku akikutazama. Hata kama haelewi Kiswahili chako, anaelewa unachofanya.

Hatua ya 5: Kadi yenyewe, mashine na ATM

Kwa mfanyabiashara wa kawaida kadi ya plastiki ina kazi mbili tu huko, hoteli na ATM.

Hoteli itataka amana. Ukiiweka kwa kadi, wanazuia kiasi fulani kwenye akaunti yako na kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla hakijaachiwa, hasa kwa kadi zetu za debiti. Mimi huweka amana kwa noti na kuchukua kikaratasi chake cha risiti, nikiondoka narudishiwa palepale. Kikaratasi hicho ukikipoteza utajieleza sana.

ATM tumia za benki kubwa kama Bank of China au ICBC, zilizo ndani ya tawi, saa za kazi. Mashine ikimeza kadi, unagonga kioo na mtu yupo. Kikomo kwa kutoa mara moja mara nyingi ni yuan 2,500 au 3,000, na ada ya benki yako hukatwa kwa kila kutoa, kwa hiyo toa kiasi cha kutosha mara moja kuliko 300 kila siku. Namba ya siri ya tarakimu nne ingiza kama ilivyo kisha thibitisha, hata kama skrini ina nafasi sita.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa yuan au kwa fedha ya nyumbani kwako, chagua yuan. Kila mara. Wakikuonyesha kiasi kwa dola au shilingi inaonekana ni msaada, kumbe wamejipangia kiwango chao cha kubadilisha, nacho ni kibaya kuliko cha benki yako.

Hatua ya 6: Mzigo

Hapa tukae kidogo.

Utaratibu wa viwanda vingi ni asilimia 30 ya awali, 70 kabla mzigo haujapakiwa. Sokoni nako hufanana: unaacha malipo ya awali, unapewa karatasi yenye nakala, mzigo unapelekwa ghala la wakala wako wa kargo, unakaguliwa, unamalizia. Neno la msingi hapo ni "unakaguliwa". Salio la asilimia 70 ndilo fimbo yako pekee. Ukilipa lote mapema kwa sababu umepewa punguzo la asilimia mbili, umeuza fimbo kwa bei ya chee.

Pesa hii itume kwa TT, benki kwa benki. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Naomba profoma, yaani ankara ya awali, yenye jina kamili la kampuni, anwani, maelezo ya bidhaa, bei, masharti ya malipo, jina la akaunti, namba ya akaunti, jina na tawi la benki, namba ya SWIFT (msimbo wa kimataifa wa benki hiyo), na juu yake mhuri mwekundu wa mviringo wa kampuni. China mhuri huo una uzito kuliko saini. Kisha nalinganisha: jina la kampuni kwenye profoma na jina la mwenye akaunti ni moja? Kama profoma ni ya kampuni na akaunti ni ya mtu binafsi, nasimama. Kama akaunti ni ya Hong Kong, wapo wauzaji halali wengi wenye kampuni huko, lakini nataka jina hilo liandikwe kwenye profoma na kupigwa mhuri uleule.

Halafu sheria ambayo siivunji: namba ya akaunti ikibadilika katikati ya safari, situmi mpaka nimeona uso. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshalipa asilimia 30 kwa kiwanda anachokijua miaka mitatu. Wiki mbili baadaye akapata barua pepe, lugha ileile, nembo ileile, "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tumia hii mpya." Alituma salio lote. Barua ile ilitoka kwa mtu aliyekuwa amevamia barua pepe ya kiwanda akisoma mazungumzo yao kimya kimya, na anwani yake ilitofautiana na ya kweli kwa herufi moja. Kiwanda hakikupokea senti, na benki zote mbili zilisema malipo yalifuata maelekezo. Kupiga simu ya video ya WeChat dakika moja kungemwokoa: "Laoban (bosi), nisomee namba ya akaunti yako mwenyewe."

Unapojaza fomu ya benki, kuna kisehemu cha nani analipa makato ya njiani. Ukichagua kugawana, benki za kati zitachota dola kadhaa na kiwanda kitapokea pungufu, kisha kitagoma kupakia mpaka umalizie kadola hako. Kwa mzigo mkubwa chagua kulipa makato yote mwenyewe. Uliza pia kama benki yako inatuma yuan moja kwa moja, baadhi hufanya hivyo. Mwombe muuzaji bei kwa dola na bei kwa yuan, kisha uone ipi inakupendelea baada ya hesabu. Wakati mwingine muuzaji anapandisha bei ya dola ili kujikinga, na wewe unalipa hofu yake.

TT huchukua siku moja hadi tano za kazi. Usitume tarehe 29 Septemba ukitegemea itapokelewa kesho, maana kuanzia Oktoba 1 China iko kwenye mapumziko ya wiki nzima, na mwaka mpya wao ni mrefu zaidi ya hapo. Ukishatuma, chukua nakala ya ujumbe wa SWIFT, ule unaoonyesha benki imetuma, mtumie muuzaji, nyingine weka faili. Siku mzigo umefika bandarini na TRA au KRA wanatilia shaka thamani uliyoandika, nakala hiyo ndiyo inayozungumza badala yako. Aliyelipa kwa noti hana cha kuonyesha.

Kama muuzaji ni mpya na mmekutana Alibaba, lile soko la mtandaoni, lipa kupitia mfumo wao wa kumlinda mnunuzi, Trade Assurance, badala ya kumtumia nje. Muuzaji atakushawishi mtoke nje ya mfumo kwa punguzo. Usitoke. Na kwa kontena nzima lenye thamani kubwa, kaa na benki yako mzungumze kuhusu barua ya dhamana ya malipo (letter of credit), ambapo kiwanda kinalipwa kikishawasilisha nyaraka za usafirishaji. Ada yake inauma, na makaratasi ni mengi, lakini kwa dola elfu hamsini mimi nisingelala bila hiyo.

Hatua ya 7: Wale wa "nipe shilingi hapa, yuan wapokee kule"

Wapo na tunawajua. Unamkabidhi mtu shilingi Kariakoo au Eastleigh, dakika kumi baadaye muuzaji wako Guangzhou anaona yuan kwenye akaunti. Kiwango chao huwa kizuri, hakuna fomu, na watu wengi niwapendao wamefanya hivyo miaka kumi bila tatizo.

Mimi niliacha, kwa sababu moja iliyo nje ya sheria na nyingine iliyo ndani yake. Iliyo nje ni kwamba hujui yuan zile zinatoka kwa nani. Zinaweza kuwa zimetoka kwenye akaunti ya mtu anayechunguzwa kwa utapeli au kamari, na polisi wa China wanapofuata mkondo huo hufungia kila akaunti iliyopokea. Wauzaji wa Guangzhou na Yiwu wameumia hivyo na sasa wengi hukataa pesa inayotoka kwa jina wasilolijua. Muuzaji wako akifungiwa, mzigo wako haupakiwi, na shilingi zako zimeshakabidhiwa bila risiti. Iliyo ndani ya sheria unaijua: biashara ya fedha za kigeni bila leseni ni kosa kwetu na kwao.

Hatua ya 8: Ikikwama

Simu ikiibwa, fanya kwa mpangilio huu. Azima simu, piga benki wafungie kadi. Kisha piga mtandao wako wa nyumbani wafungie laini, maana mwizi mwenye laini anapokea zile namba za siri. Alipay baadaye. Namba hizo mbili ziandike kwenye karatasi ndani ya kiatu au ndani ya jalada la pasipoti. Zikiwa kwenye simu iliyoibwa hazina kazi.

Malipo yakikataa lakini ujumbe wa benki ukasema pesa imekatwa, usilipe mara ya pili haraka. Fungua orodha ya malipo ndani ya Alipay. Kama haipo, benki imezuia tu na itaachia. Piga picha skrini zote mbili, mlipe muuzaji kwa noti, uendelee na siku yako.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda uwanjani, peleka yuan zilizozidi benki pamoja na ile risiti. Ukitaka kubaki nazo kwa safari ijayo, kikomo cha kutoka nazo ni 20,000. Ukifika nyumbani, usizitupe risiti mpaka umepitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari, jioni moja tu na kikombe cha chai. Safari iliyopita nilikuta yuan 64 zimekatwa mara mbili, saa ileile, duka lilelile. Nilipeleka risiti na picha za skrini, zikarudi baada ya siku tisa.